Avoka Bila Ndimu

Tulimwita Mama Gadi. Hospitali haimlishi mgonjwa kwetu. Anayemlisha ni mtu wake, yule anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayemfulia shuka, anayempikia kwa makaa nyuma ya jengo na kukimbia mjini kutafuta dawa. Kwa Kifaransa mtu huyo ni garde-malade, na midomo ya mji wetu wa Bunia imelikata neno hilo hadi likabaki gadi. Kila mmoja wetu huwa gadi mara moja au mbili maishani, mama akiugua au mtoto akivunjika mguu. Yeye alikuwa gadi karibu kila siku, na aliowalisha walikuwa watu asiowajua.

Alikuwa jirani yetu katika mtaa wa Ngezi kwa miaka tisa. Alizaliwa wapi, ni wa watu gani, mume wake alikwenda wapi, sitaandika. Mengine siyajui, na yale ninayoyajua ni majibu ya maswali ambayo huku kwetu siku hizi hayaulizwi kwa wema.

Wagonjwa wasio na mtu walikuwa wengi. Waliletwa kwa pikipiki, wamefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva wasianguke. Wengine walitoka kwenye mashimo ya dhahabu, wengine kwenye mashamba ambako watu wenye mapanga walikuwa wamepita. Mama Gadi hakuwachukua wote. Alipita kati ya vitanda akitazama midomo tu, akachagua wale ambao taya zao zilikuwa zimevunjika au kukatwa, waliofungwa nyaya kwenye meno wasiweze kutafuna.

Mama mmoja aliyekuwa akimwuguza mumewe mwenye mguu mbovu alimwuliza siku moja mbona anampita kila asubuhi kama haoni.

“Mume yako iko na meno,” alimjibu. “Mwenye meno anajuaka kuomba.”

Chakula alichowapa kilikuwa avoka, lile tunda ambalo wengine huliita parachichi. Niliwahi kudhani ni chakula cha mtu asiye na nguvu za kupika kitu kingine, nikakosea. Sijaona mtu akifanya kazi ndogo kwa makini kama yeye, na mimi ni mtu ninayefua kitambaa kimoja mara tatu.

Sokoni aliwachosha wauzaji. Hakuibonyeza avoka kwa kidole, na akikuona unabonyeza alikupiga mkono. “Mahali unabonyeza, ndani panageuka nyeusi. Utajuta kesho.” Aling'oa kile kikonyo kidogo cha juu na kutazama rangi ya chini yake. Ikiwa ya kijani, ilikuwa bado. Ikiwa ya kahawia, imepita. Alitaka ile ya katikati, ya manjano hafifu, akaitikisa karibu na sikio kusikia kama mbegu imeachia. Muuza avoka mmoja alizoea kumtania: “Mama Gadi, hiyo avoka inakuambia nini? Inakusalimia?” Naye alijibu bila kucheka: “Inaniambia weye ni mwizi.”

Alizibeba nzima hadi hospitali na kuziponda palepale kando ya kitanda. Alizipasua kwa mpini wa kijiko, bila kisu, kwa sababu wengi wa wale wagonjwa hawakutaka tena kuona kisu mkononi mwa mtu. Alikwangua nyama hadi karibu na ganda, kisha akaondoa nyuzi zote, moja moja, maana uzi ukinasa kwenye waya ya meno unaoza pale na kuleta usaha. Alipondaponda kwa tako la kikombe cha chuma. Kitunguu alikichemsha kwanza hadi kikalainika, akakiponda, akakikamua kwenye kitambaa safi, akatumia maji yake tu. Chumvi aliiyeyusha katika maji ya uvuguvugu. Nyanya hakutia, wala pilipili, wala ndimu. Mwisho aliongeza maji yaliyochemshwa, tone kwa tone, hadi ule uji wa kijani ukaweza kupita kwenye seringi iliyoondolewa sindano. Seringi aliiingiza pembeni, nyuma ya jino la mwisho ambako pana nafasi, na kusukuma taratibu kama mtu anayetia mafuta kwenye cherehani.

Yeye mwenyewe hakula avoka. Aliiita “chakula ya nguruwe.” Nyumbani alikula fufu na samaki, na pilipili ya kutosha kumtoa machozi, machozi pekee niliyowahi kuyaona usoni mwake. Kwenye matanga alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kulalamika kwamba maharagi hayana chumvi. Kwenye bomba la maji aligombana na kila mtu, na mama yangu alikaa miezi minne bila kumsalimu kwa sababu ya ndoo. Kule nyuma ya hospitali, ambako magadi wote hupika, aliiba makaa. Nilimwona kwa macho yangu akichukua mawili kwenye moto wa mwenzake, matatu kwa mwingine, akitembea kama mtu anayenyoosha mgongo. Nilipomwuliza, alisema: “Mungu ameona. Mungu ananyamaza. Weye unapiga kelele ya nini?”

Kanisani alikwenda kila Jumapili, akalala usingizi tangu mahubiri yaanze.

Nilianza kumfuata hospitali baada ya mimi kuacha shule. Barabara ya kwetu ilifungwa, baba akapoteza kazi, na nikabaki nyumbani na simu yenye kioo kilichopasuka. Nilijifundisha kila kitu humo: kushona, Kifaransa cha kuandika, mapishi ya nchi ambazo sitazifikia. Nilitaka kufanya kitu kimoja duniani bila kosa. Nilimwomba anifundishe, naye akakubali kwa sharti la kunyamaza, sharti ambalo sikulitimiza hata siku moja.

“Dokta ya telefone,” aliniita. “Leo imekufundisha nini?”

“Mama, mbegu haizuie avoka kugeuka nyeusi. Unaiweka mu sahani bure. Ni hewa ndiyo inaigeuza.”

“Hewa?”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi uambie hewa itoke mu hii hospitali. Miye nitaacha mbegu.”

Nilimwonyesha video ya mwanamke wa mbali akiponda avoka kwa chumvi, kitunguu, majani ya harufu na ndimu nyingi. Kinaitwa gwakamole, nilimwambia, na watu hukila katika sherehe. Aliitazama hadi mwisho akiwa ameshika miwani kwa vidole viwili. “Huyu mama anapika kwa watu wazima,” alisema, na kwa neno hilo kwetu tunamaanisha watu wasio na kidonda. Kisha akaongeza: “Rangi ni muzuri, lakini.”

Neno hilo la mwisho nililibeba kuliko yote. Maana ni kweli avoka yake ilikuwa ikigeuka. Mgonjwa aliyemeza taratibu, saa nzima, aliona chakula chake kikibadilika kutoka kijani hadi rangi ya matope mbele ya macho yake. Kwa Mama Gadi ilikuwa rangi tu. Mimi iliniuma kama kosa la herufi kwenye ukurasa safi.

Kitu kingine kilichonisumbua ni uongo wake. Mama Gadi alimwambia kila mgonjwa maneno yaleyale wakati wa kusukuma seringi: “Ndugu yako iko mu njira. Barabara ndiyo mubaya. Kula, akukute na nguvu.” Hakujua kama mtu huyo alikuwa na ndugu. Hakujua hata jina lake.

“Mama, unawadanganya,” nilimwambia tukiwa tunaosha vyombo.

“Ndiyo.”

“Wakijua?”

“Na weye utawapa nini? Kweli? Kweli inashibishaka mutu?”

Kulikuwa na mchimbaji mmoja aliyeangukiwa na ukuta wa shimo. Taya yake ilipona, nyaya zikatolewa, akapewa ruhusa ya kutoka. Hakutoka. Alikaa kwenye benchi karibu na geti, na kifurushi chake magotini, akimngoja kaka yake. Alikaa siku nne. Mama Gadi siku hizo nne alipita geti la nyuma, la magari ya wagonjwa, akiinamisha kichwa. Siku ya tano benchi lilikuwa tupu. Nilimwuliza kama anajua yule mtu amekwenda wapi.

“Ameenda kukutana na kaka yake mu njira,” alisema. Hakusema kwa mzaha. Jioni hiyo, njia nzima ya kurudi Ngezi, hakunitania hata mara moja.

Kuhusu kazi yenyewe alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi nikaichukia. Alisema mdomo wa mgonjwa ni mlango wa mtu aliyevamiwa. Ukigonga vizuri atakufungulia kila siku. Ukigonga vibaya mara moja, atafunga, na hata wewe uliyegonga vizuri jana hatakujua tena.

Sasa niandike lile jambo. Nimeliandika mara nyingi na kulifuta, kila mara nikitafuta namna ya kulisema ambayo ndani yake sionekani mbaya sana. Namna hiyo haipo.

Aliletwa msichana kutoka upande wa Nizi. Alikuwa wa umri wangu. Panga lilikuwa limepita shavuni na kuvunja taya, na ndani ya mdomo kulikuwa na kidonda kilichoshonwa. Alikuja peke yake. Kwa siku tano hakumfungulia mtu yeyote midomo, si muuguzi, si mtawa aliyekuja kuomba naye. Mama Gadi alikaa kando yake siku hizo zote bila kumgusa, akiponda avoka na kumwachia harufu yake tu, akilalamika kuhusu bei, kuhusu mama yangu, kuhusu ndoo. Siku ya sita yule msichana alinyanyua kidole kimoja. Mama Gadi akaingiza seringi. Akameza. Nilikuwepo. Nilitoka nje nikalia, na yeye akanifuata hadi mlangoni na kuniuliza: “Weye unalia ya nini? Ni weye umekatwa?”

Alikula vizuri siku tatu. Alianza kutuandikia maneno kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi. Aliandika kwamba ana kaka. Mara hiyo uongo ulikuwa kweli, na Mama Gadi alilisoma neno hilo mara mbili kama mtu aliyeshikwa.

Siku iliyofuata Mama Gadi alikuwa na homa. Aliniambia niende peke yangu, nichukue avoka mbili kwenye gunia la maharagi alimoziivishia, niende kuziponda kulekule. “Kulekule,” alisema. “Usiponde hapa.”

Nilipondea nyumbani. Nilitaka muda. Nilitaka meza, mwanga, mikono iliyotulia, bila wagonjwa kunitazama. Nilitoa kila uzi. Nilichuja mara mbili. Uji ulikuwa laini kuliko wake, na nilijua, na nilifurahi. Halafu nikafikiria safari ya miguu hadi hospitali, jua, na ile rangi ya matope. Nikakata ndimu nusu. Nikadondosha tone, nikaonja, nikadondosha jingine. Katika mdomo wangu mzima kilikuwa chakula kitamu kabisa. Nilifika hospitali na bakuli la kijani kama jani jipya, na yule msichana alipoliona alifumba na kufumbua macho, na nadhani alitabasamu.

Sauti aliyoitoa ndimu ilipofika kwenye kidonda siwezi kuiandika. Mtu ambaye taya zake zimefungwa hawezi kupiga kelele. Sauti inabaki ndani na kutafuta pa kutokea. Aliipiga seringi ikaruka. Kisha akageukia ukuta.

Mama Gadi alikuja siku ileile, na homa yake. Alichovya kidole kwenye bakuli, akaweka ulimini, akanitazama. Alikaa kando ya kitanda, akaanza tena kuponda, kulalamika kuhusu bei, kuhusu ndoo. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole hakikunyanyuka. Siku ya nne yule msichana alishikwa na homa kali, na siku ya sita, asubuhi, akafa. Muuguzi alisema usaha umeingia kwenye damu. Huenda ungeingia tu. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ninajibu kwamba mtu aliyekula anapigana na mtu asiyekula hapigani.

Kaka yake alifika siku mbili baadaye. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, miguu yake imevimba juu ya sapatu. Aliuliza kitu kimoja tu: “Alikuwa anakula?”

Chumba kilikuwa kimejaa wagonjwa na magadi, na wote walijua habari ya ndimu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema: “Alikuwa anakula, papa. Halafu walimuletea avoka ya ndimu, ikamuchoma.”

Mkuu wa wauguzi akageuka. “Nani ametia ndimu mu kidonda?”

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sufuria mkononi.

“Ni miye,” alisema Mama Gadi.

“Weye? Mama, miaka yote hii?”

“Nilikuwa na homa. Kichwa haikuwa sawa. Ni miye.”

Yule kaka alimtazama, mwanamke mzee mwenye kitenge kilichochakaa, kisha akakaa chini sakafuni. Hakumtukana. Ingekuwa rahisi zaidi kama angemtukana. Mkuu wa wauguzi alimwambia Mama Gadi, kwa sauti ya chini na ya heshima, kwamba asikanyage tena katika chumba kile.

Mimi sikusema. Hakuna aliyenizuia. Mdomo wangu ulikuwa mzima.

Mama Gadi alitangulia kutoka, nami nikamfuata. Tulipofika getini alisimama bila kugeuka akaniambia: “Seringi, umezichukua? Usiwaachie wale, watazichezea.” Hayo ndiyo maneno yake yote ya siku hiyo.

Baada ya pale alikaa barazani kwake. Hakugombana tena kwenye bomba. Mama yangu, ambaye hakujua kitu, alianza kumpelekea chakula, akaniuliza: “Huyu mama iko namna gani? Amekuwa mupole. Mimi upole yake inaniogopesha.” Nilisema sijui. Nilipita mbele ya nyumba yake kila siku nikisalimu, naye aliitika. Miezi ilipita. Asubuhi moja mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na watu wakasema ameenda Mahagi-Port, kando ya ziwa, kwa binti wa marehemu dada yake.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri, alipokuwa hayupo. Nilikwenda kwa mkuu wa wauguzi nikamwambia kila kitu, nikiwa nimekariri maneno kama shairi la shule. Alinisikiliza huku akijaza karatasi zake. Mwishoni akashika kalamu juu.

“Binti, ile kidonda ilikuwa imeshaharibika. Sitakuambia ni ndimu. Sitakuambia si ndimu. Mama anaweza kurudi. Umuambie mimi nimesema.”

Nilichukua maneno hayo kama mtu aliyepewa karatasi ya kuachiliwa gerezani. Barabara ilipofunguka kidogo, nilipanda lori la mizigo na kulala njiani, na kesho yake alasiri nikateremka kule ziwani.

Nilimkuta kwenye chanja za kukaushia samaki. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kulia ulitetemeka alipogeuza samaki, kwa hiyo aliushikilia kwa ule wa kushoto. Binti wa dada yake alinipa kigoda akaenda kuchota maji. Mama Gadi aliniangalia miguu kwanza, vumbi lake.

“Dokta ya telefone. Umeanguka kutoka wapi?”

Nilipiga magoti palepale kwenye magamba ya samaki. Nilimwambia yote aliyoyajua tayari. Kwamba ni mimi. Kwamba nilipondea nyumbani. Kwamba niliitaka ile rangi. Kwamba nilisimama pale na sufuria. Kwamba silali. Kwamba nimekwenda kusema, na mkuu wa wauguzi amekubali arudi. Nililia vizuri, kwa mpangilio, na hata nilipokuwa nalia sehemu fulani ya akili yangu ilikuwa ikipanga sentensi inayofuata.

Aliniacha nimalize. Aligeuza samaki wa mstari mzima.

“Mukono huu,” alisema, akiunyanyua nione unavyotikisika, “nitaingiza seringi mu mudomo ya nani?”

Nilibaki nimepiga magoti, nikiutazama mkono.

“Simama. Utanuka.”

Nikasimama. Akafika mwisho wa chanja, akajifuta kwa kitenge.

“Sasa wale wa mudomo, nani anawalisha?”

“Sasa hivi, Mama?”

“Sasa. Tangu nilitoka. Nani?”

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa nimekwenda hospitali ile, nimekaa katika ofisi ya mkuu wa wauguzi, nimepita kwenye dirisha la chumba kile kwenda na kurudi. Mwaka na zaidi nilikuwa nimejitesa kila siku, nimepunguza uzito, nimeomba, nimeandika na kufuta. Sikuwa nimetazama ndani. Sikuwa nimeuliza hata mara moja.

“Sijui,” nilisema.

Alinitazama kama alivyozoea kutazama midomo, bila hasira, akitafuta tu mahali pa kupitia. Kisha akageukia barabara, ambako vijana walikuwa wakipakia magunia kwenye lori jekundu.

“Ile inarudi Bunia kesho asubuhi,” alisema. “Inatokaka saa kumi na mbili. Dereva hangojaka mutu.”